Visu Kumi na Sita, Mpini Mmoja

Barua mbili za bei juu ya meza yangu,
na juu ya barua wadudu wa ziwani,
wepesi kama majivu. Wameingia usiku kwa maelfu
wakifuata taa ya kijani ya seva ya zamani.
Napuliza. Tarakimu zinaonekana tena.

Kiwanda chetu kiko Igogo, kati ya mawe na maji.
Chini wanakata minofu ya sangara.
Juu kuna chumba cha mita tatu kwa nne,
ndimo inamolala mishahara yote
na kila kilo iliyopimwa tangu mwaka ule ziwa lilipopanda hadi getini,
ndani ya masanduku saba yanayokohoa.

Muuzaji wa kwanza anasema: bledi kumi na sita,
kasha moja, kimo cha beseni la barafu.
Nyaya chache. Feni za pamoja. Umeme wa pamoja.
Unachomoa moja, unachomeka nyingine, kazi haisimami.
Wa pili anasema hayo hayo, kwa milioni thelathini pungufu,
na dhamana ya mwaka mmoja badala ya mitatu,
na fundi wake yuko Dar es Salaam, "siku moja tu kwa basi."
Nimepiga mstari chini ya hilo "tu".

Mhoja kashika kikokotoo:
wati za bledi moja, mara kumi na sita,
jumlisha kiyoyozi, jumlisha dizeli
kwa zile saa ambazo umeme huenda zake bila kuaga.
Jibu likatoka. Akalifuta. Akapiga upya.
Likatoka lile lile.

Jumatano nikashuka ukumbi wa minofu kuomba barafu
(ndiyo, barafu, ya kuweka mbele ya feni,
tusiulizane)
nikamkuta Nyanzobe ananoa.
Ana visu vitatu, kila kimoja na uzi wa rangi yake,
wala hamwazimi mtu.
Nikamwambia tunanunua bledi.
"Za kunyolea?"
Nikamchorea kwa kidole juu ya bati lenye maji:
kasha, matundu kumi na sita, umeme unaopita mgongoni.
Akautazama mchoro hadi maji yakaufuta.
"Basi hivyo ni visu kumi na sita na mpini mmoja.
Mpini ukivunjika, zamu nzima inakaa chini."
Kisha, akiwa ameshamgeukia samaki:
"Na mpini anauza nani?"

Nikapanda ngazi na ndoo yangu.
Katikati ya ngazi ndipo nilipolisoma
lile lisiloandikwa katika kurasa arobaini zinazong'aa:
bledi ya huyu haiingii kwenye kasha la yule.
Ukishanunua kasha, kila mwaka utarudi kwake,
naye anajua.
Wewe umeshika makali, yeye kashika mpini.

Bwana Kaswamila wa fedha hataki mafumbo.
Anataka mstari mmoja: ipi, na kwa nini.
Nikaandika usiku, wadudu wakiniwekea nukta pasipotakiwa:

Makasha mawili madogo, si moja kubwa.
Bledi nne huku, nne kule. Matundu mengine yangoje.
Ni ghali zaidi. Najua.
Tumchukue wa kwanza, iwapo ataweka fundi hapa Mwanza
na vipuri ndani ya kabati letu. Vipuri, si ahadi.

Leo siku ya tisa, hajajibu.
Masanduku yanayokohoa yamebaki sita.
La saba nimelilaza mezani, nimelifungua:
zulia la mabawa madogo, yamefumwa juu ya feni
kwa ustadi ambao hakuna muuzaji aliyeutaja.
Nalipangusa kwa brashi ya rangi, taratibu.

Chini wanaanza zamu ya mchana.
Nasikia makali yakipita kwenye mawe ya kunolea,
kila mkono na chake.